Mtoto wa kaka ana mita 2.08 na simu za Marekani zimeanza. Chuo gani kinajua kumlea mrefu?

ShangaziWaMakorora

Assalaam alaykum wana jukwaa, na habari za jioni kwa wote.

Naomba mawazo ya wanaoujua mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani. Nina mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea hapa Makorora, Tanga, tangu yuko darasa la pili. Sasa ana miaka 17, yuko kidato cha tatu, na mwalimu wa michezo alipomsimamisha ukutani bila viatu alipata mita 2.08. Kilo 84. Kitanda chake nimekiunga na benchi upande wa miguuni, na viatu vya namba 50 nikisikia viko Mombasa namtuma mtu. Kikapu kakianza juzi juzi tu, zamani alikuwa golikipa wa mtaani. Ana mikono mizuri, hilo kila mtu analisema. Mbio bado, na akisukumwa anayumba.

Tangu arudi UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, simu haikatiki. Wa kwanza ni wakala anayesema atampeleka sekondari Marekani mwaka mmoja, kisha chuo. Anataka shilingi milioni sita "za kufungua faili" kabla ya mwisho wa mwezi. Wa pili hataki pesa, anataka pasipoti ya mtoto akae nayo yeye. Wa tatu anajitambulisha kuwa kocha msaidizi wa chuo. Huyu alitaka kuzungumza na mimi kabla ya mtoto, akaniuliza anakula nini, matokeo yake ya shule yakoje, na kama amewahi kuumia. Kidogo roho ilitulia. Lakini nilipoanza kusoma habari za vyuo hivyo nikaogopa upya. Wachezaji wanahama kila mwaka, makocha nao wanahama, na kila kocha analalamika kwamba masenta, yaani wale warefu wa chini ya kikapu, hawapatikani na wakipatikana hawakai.

Sasa nielezeni jamani. Hawa warefu wanatafutwaje, na chuo kinawashika vipi wasiondoke wala wasitupwe? Sitaki mtoto aende akalie benchi miaka miwili, aumie goti, halafu aambiwe nafasi kapewa mwingine. Na jingine, sisi ni Waislamu, anaswali na anafunga. Huko itakuwaje?

KijanaWaChuda

Shangazi hongera sana kwa malezi, na usichelewe! Hasheem Thabeet alianza mpira akiwa na miaka 15 hapo Dar, akaenda Houston kumalizia sekondari, akachukuliwa na chuo cha Connecticut. Mwaka 2009 timu za NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, zilipochagua vijana wapya, alichaguliwa wa pili, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Mbele ya Curry, shangazi! Kocha anaweza kufundisha kila kitu ila urefu. Hiyo milioni sita itafutwe hata kwenye kikoba, nafasi kama hii haiji mara mbili.

SentaMstaafu

Shangazi, shikamoo. Milioni sita usitoe, na pasipoti asipewe mtu. Kijana wa Chuda namwelewa furaha yake, lakini chuo kinachomtaka senta ndicho kinachogharimia, hakimwombi shangazi yake pesa. Gharama halali zipo na zina risiti. Kuna ada ya kumbukumbu za mwanafunzi wa kigeni, dola 350, na ada ya viza ya mwanafunzi, dola 185, na hizo mnalipa wenyewe moja kwa moja panapohusika, si kwenye simu ya mtu. Halafu huyo anayesema "sekondari mwaka mmoja" mwulize ni ya serikali au ya binafsi. Sheria yao inamruhusu mgeni kusoma sekondari ya serikali kwa viza ya mwanafunzi miezi 12 tu, tena kwa kulipa gharama yote. Akishindwa kujibu hilo papo hapo, huyo hajui kazi anayoifanya, au anaijua sana.

Mimi nilicheza senta huko, kwanza chuo cha miaka miwili, kisha chuo kidogo cha daraja la pili, katikati ya mashamba ya mahindi. Siku hizi niko bandarini hapa Tanga, na jioni nakaa na vijana uwanjani. Mtoto wako nadhani nimemwona, ndiye yule anayedaka mpira kwa vidole, hauachi ugonge kiganja. Kwa hiyo nitaandika kwa urefu, univumilie.

Warefu wanatafutwa mbali kwa sababu kwao hawatoshi. Vyuo vya daraja la kwanza vinapita 350, kila kimoja kinataka watu watatu au wanne wa kusimama chini ya kikapu. Ndiyo maana toka zamani wanakuja kwetu, na wanapenda hasa wale walioanza mchezo mwingine. Hakeem Olajuwon alikuwa golikipa na mchezaji wa mpira wa mikono Lagos kabla ya kwenda Houston, akafika nusu fainali za taifa mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Dikembe Mutombo alikwenda Georgetown akiwa na ndoto ya udaktari, kocha John Thompson akamgeuza ukuta. Joel Embiid alikuwa mtu wa voliboli Yaoundé. Ugolikipa wa mtoto wako usiuone kuwa ni muda uliopotea, shangazi. Mikono ile na kuisoma pembe ya mpira unapokuja, hivyo vyote vinahamia kwenye ribaundi, kuudaka mpira uliokosa kikapu, na bloku, kuuzuia mpira wa mfungaji.

Zamani kocha alikuwa anamchukua kijana mbichi kama wako, anamkalisha mwaka mzima pembeni bila kutumia msimu wake, anamlisha, anamnyanyulisha vyuma, mwaka wa tatu anavuna. Subira ilikuwa na faida kwa sababu kijana akihama alilazimika kukaa msimu mmoja bila kucheza. Ukawekwa mfumo wa kuorodhesha wanaotaka kuhama, mwaka 2018. Mwaka 2021 wakaruhusu kuhama mara moja bila kukaa pembeni, na mwaka huohuo, Julai, wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao. Mwaka 2024 kizuizi cha kuhama mara ya pili na ya tatu nacho kikaondoka kwa mwenye maksi nzuri. Na tangu Julai 2025 chuo chenyewe kinaweza kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, na kwa mwaka ule wa kwanza mwisho ulikuwa dola milioni 20.5 kwa michezo yote kwa pamoja.

Sasa jiweke kwenye kiti cha kocha. Kwa nini amlee kijana wa kilo 84 miaka mitatu, halafu tajiri wa jirani aje amchukue akiwa tayari? Anaona afadhali asubiri msimu uishe, anunue mtu mzima wa miaka 22 aliyekwisha komaa mifupa kwenye chuo kidogo. Johni Broome alianza Morehead State, ndiko alikokuwa, kisha Auburn wakamchukua na mwaka 2025 akawafikisha nusu fainali. Vladislav Goldin, yule Mrusi, alianza Texas Tech, akaenda Florida Atlantic, akamalizia Michigan. Zvonimir Ivišić amevaa jezi za Kentucky, Arkansas na Illinois kwa misimu mitatu. Mji wetu unaitwa waja leo waondoka leo, na mabweni ya wachezaji huko sasa ndivyo yalivyo.

Lakini tazama hao wamefuata nini. Goldin alimfuata kocha wake Dusty May, aliyehama Florida Atlantic kwenda Michigan. Ivišić alimfuata kocha wake wa Kentucky, John Calipari, mpaka Arkansas, kisha akaenda Illinois kwenye ndugu yake pacha, Tomislav. Aday Mara wa Hispania, mita 2.21, alikaa UCLA misimu miwili akicheza dakika chache, akaondoka kwenda Michigan kwa May yuleyule, ambaye msimu uliotangulia aliwachezesha Goldin na Danny Wolf pamoja, warefu wawili uwanjani kwa wakati mmoja. Pesa inavuta, sikatai. Ila senta anashikwa na mtu anayejua kumtumia, na akiona mpira haumfikii, hata alipwe, jicho lake liko mlangoni.

Kwa hiyo swali la kumuuliza yule kocha msaidizi si "mtampa nini". Mwulize hivi: masenta wenu wa miaka minne iliyopita wako wapi leo? Tena huna haja ya kusubiri jibu lake. Kila chuo huko kina ukurasa wa timu wenye orodha ya wachezaji ya kila msimu, jina, urefu, uzito na mwaka wa masomo. Mkae wewe na mtoto, mfungue misimu minne, mtafute wote wa futi 6 na inchi 9 kwenda juu. Angalia jina lipi linajirudia.

Chuo cha Purdue ndipo pa kujifunzia hili. Zach Edey, Mkanada wa mita 2.24, alikulia kwenye magongo ya barafuni na besiboli, kikapu alikianza sekondari kama huyu wako. Vyuo vikubwa vingi havikumtazama. Mwaka 2020 senta wao Matt Haarms alihamia BYU, nafasi ikabaki wazi, Edey akaingia. Msimu wa kwanza wastani wa pointi 8.7, akitokea benchi mara nyingi. Wa pili 14.4. Wa tatu 22.3 na ribaundi 12.9, akawa mchezaji bora wa taifa. Wa nne 25.2, akawa tena, na timu ikafika fainali ya 2024, wakafungwa na Connecticut 75 kwa 60, yeye peke yake akiwa na pointi 37. Miaka yote minne kocha ni Matt Painter, na kabla ya Edey Painter alikuwa ameshawapitisha A.J. Hammons, Isaac Haas na Caleb Swanigan, na Edey alipofika alimkuta Trevion Williams. Kila mmoja aliyekuja alimkuta mrefu mwenzake mwenye umri zaidi yake akimgonga mazoezini kila siku. Hapo ndipo senta anapotengenezwa.

Nakumbuka zoezi langu la kwanza huko. Kocha wa warefu alikuja na ngao ya sponji, kubwa kama mlango wa kabati, akasimama nyuma yangu. Mwenzake ananipa pasi, mimi nadaka, na mara tu vidole vikigusa mpira ananipiga na ile ngao mgongoni au ubavuni. Sikuambiwa nifunge. Niliambiwa nisishushe mpira chini ya kidevu. Nikiushusha, kijana mdogo wa pointi gadi anaupora na wote wanaanza upya. Wiki nzima kazi ikawa hiyo: daka, kidevuni, viwiko nje, tafuta mguu wa kugeukia. Magoti yanauma, kifua kinauma, na hujafunga hata kikapu kimoja. Kocha asiyekuwa na mtu wa kufanya kazi hiyo ya kuchosha, hata akupeleke kwenye jengo la dhahabu, kijana wako atabaki mrefu tu.

Nguvu si jambo dogo, shangazi. Thabeet wetu, Februari 2009, Connecticut wakiwa namba moja Marekani, alikutana na DeJuan Blair wa Pittsburgh, kijana mfupi kwake kwa sentimita kama 20 lakini mnene wa miguu. Blair aliondoka na pointi 22 na ribaundi 23, Thabeet pointi 5 na ribaundi 4. Na Thabeet msimu ule ndiye aliyekuwa mlinzi bora wa ligi yao, na tuzo ya mchezaji bora wakagawana na huyohuyo Blair. Nampenda Thabeet na najivunia naye, alitufungulia njia. Nakutajia usiku ule ili ujue kwa nini yule kocha alikuuliza mtoto anakula nini. Swali lile lilikuwa la mtu anayejua kazi.

Kuhusu dini, Connecticut hiyohiyo walikuwa na senta Mmali, Adama Sanogo. Mwaka 2023 Ramadhani iliangukia katikati ya mashindano ya taifa. Alifunga, alicheza, wakatwaa ubingwa mbele ya San Diego State 76 kwa 59, na akatajwa mchezaji bora wa hatua ile ya mwisho. Inawezekana kabisa. Ila mwulize kocha nani anapika, nani anafungua jiko kwa ajili ya daku, na Ijumaa mazoezi yanaanza saa ngapi. Akijibu "tutaona", mkumbushe mpaka ajibu.

MwalimuWaMuheza

Dada, Senta amemaliza ya uwanjani, mimi niongeze ya darasani, maana vijana wengi wanakwamia huku.

Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kwa daraja la kwanza kinaangalia masomo kuanzia mwaka wa tisa wa shule, ambao kwetu ni kidato cha pili. Wanahesabu masomo 16 ya msingi. Kiingereza miaka minne, hisabati mitatu, sayansi miwili, na mengine ya jamii na nyongeza. Wastani usiwe chini ya 2.3 kwa hesabu yao ya 4. Kwa hiyo asije mtu kumwambia mtoto aiache hisabati ili apate muda wa mazoezi. Kilichokwisha kupita kidato cha pili kimeshahesabiwa, kidato cha tatu kinahesabiwa sasa hivi.

La pili, akimaliza kidato cha nne asijiunge na chuo chochote hapa nchini kwa masomo ya muda wote "kwa kusubiria". Siku anapoanza chuo cha muda wote, popote duniani, saa yao ya miaka mitano ya kucheza misimu minne inaanza kulia. Nimemwona kijana aliyesoma stashahada akisubiri viza, akaja kugundua amekula miaka yake mwenyewe. Na asikae nyumbani mwaka baada ya mwaka akicheza ligi, nayo inapunguza.

La tatu, majina. Angalia leo cheti cha kuzaliwa, usajili wa mtihani na pasipoti. Watoto wetu wanaandikwa Mohamed huku, Muhammad kule, na jina la babu linakuwepo huku, kule linakosekana. Rekebisha kabla hajasajiliwa mtihani wa kidato cha nne, baada ya hapo ni kazi ya mawakili na viapo. Mwanafunzi mrefu mwenye karatasi zisizolingana anaulizwa umri mara mbili zaidi ya wenzake.

MpenziWaBAL

Mimi naona kabla ya Marekani muangalie njia ya hapahapa Afrika. Khaman Maluach, Msudani Kusini aliyekulia Uganda, hakupitia kwa wakala wa faili. Alikwenda akademia ya NBA pale Saly, Senegal, akacheza ligi ya Afrika, BAL, akiwa bado mtoto, na Cobra Sport mwaka 2022, AS Douanes 2023, City Oilers 2024. Akaenda Duke msimu mmoja na mwaka 2025 akachaguliwa wa 10 NBA. Alipofika Duke alikuwa ameshagongana na wanaume wazima. Huyu wa Makorora bado ana muda.

ShangaziWaMakorora

Allah awalipe heri nyote. Mwalimu, nimetoa vyeti kabatini usiku huohuo. Cha kuzaliwa kina Abdallah, shuleni kaandikwa Abdala. Jumatatu naanza safari ya kurekebisha.

Senta, tumefanya ulivyosema. Tulikaa na simu mpaka bando likaisha. Tulifungua chuo cha yule kocha msaidizi na kingine alichokitaja wakala wa milioni sita. Chuo cha wakala, misimu minne, warefu wote wa futi 6 na inchi 9 kwenda juu majina ni mapya kila mwaka. Hakuna hata mmoja aliyerudi. Mtoto akaniambia, "Shangazi, hawa wanaingia mlango huu wanatokea ule."

Kile cha kocha msaidizi, kuna jina moja limejirudia misimu yote minne. Na uzito umebadilika. Mtoto alikuwa anageuza ratili kuwa kilo, mimi naandika kwenye daftari la mauzo: 95, 101, 106, 109. Kuna mwingine misimu mitatu, naye anapanda. Mwaka jana mmoja aliondoka, tukamtafuta, tukamkuta chuo kikubwa zaidi na anacheza. Hilo nimelichukuliaje? Ni sifa au ni kasoro?

Na goti je? Huyu analalamika goti la kushoto chini kidogo ya kifuniko, hasa akishuka ngazi.

SentaMstaafu

Shangazi, umefanya kazi ambayo wazazi wengi hawaifanyi. Hizo namba nne za daftarini zinasema zaidi ya simu zote. Kilo kupanda taratibu miaka minne maana yake kuna mtu wa lishe, kuna chumba cha vyuma kinachosimamiwa, na kijana hakukimbizwa. Angeruka kutoka 95 hadi 109 kwa mwaka mmoja ningekuambia magoti yake yamo hatarini.

Aliyeondoka kwenda chuo kikubwa, kwangu ni sifa. Chuo kidogo kinacholea vizuri kitaibiwa, haiepukiki kwa sheria za sasa. Kinachonitia hofu ni mrefu aliyeondoka akapotea. Ila mwambie mtoto ajue mapema: akitangaza kwamba anahama, chuo anachotoka kinaruhusiwa kumkatia ufadhili mwisho wa muhula. Kwa Mmarekani hiyo ni hasara ya pesa. Kwa mgeni mwenye viza ya mwanafunzi ni hatari ya kubaki bila shule na bila kibali. Asitangaze kwa hasira baada ya mechi aliyocheza dakika mbili. Atapiga simu kwako kwanza, na wewe utamwambia alale.

Mambo ya pesa pia wasimdanganye. Viza ya mwanafunzi inabana kazi, na wanasheria wao hawajakubaliana mgeni alipweje. Oscar Tshiebwe wa Kongo alikuwa mchezaji bora wa taifa mwaka 2022 akiwa na wastani wa ribaundi 15.1, na bado mikataba ya matangazo Marekani ilimpiga chenga. Timu yake ya Kentucky ilipokwenda Bahamas Agosti ile ndiko alikofanyia kazi hizo, kwa sababu yuko nje ya mipaka. Mtu anayeahidi mshahara kwa kijana wa Makorora kabla hajakanyaga huko, mwombe aandike na asaini, uone kama atarudi.

Goti, usilichezee. Maumivu chini ya kifuniko kwa kijana anayerefuka mara nyingi ni pale mshipa unaposhikana na mfupa, unavutwa kuliko unavyoweza. Mpeleke hospitali ya Bombo apigwe picha, si kwa mkandaji. Mpaka daktari aseme, aache kuruka kwenye saruji na aache danki za kuwafurahisha watu. Kocha msaidizi naye umwambie ukweli wa goti hilo. Ukimficha atalikuta kwenye vipimo, na namna atakavyolipokea itakuonyesha atamtendeaje mtoto akiumia akiwa mikononi mwake.

Akiomba video, mtumie mechi nzima na siyo vipande vya kufunga. Anataka kuona mtoto anakimbiaje kurudi akishapoteza mpira.

Na BAL, ndugu yangu umesema kweli, akademia ya Saly ni njia nzuri. Lakini wanachukua wachache mno, tusikae tukiisubiri hiyo peke yake.

Wakati huo kuna la kufanya hapahapa Tanga lisilohitaji viza. George Mikan, miaka ya 1940 pale DePaul, alikuwa na mita 2.08, urefu wa huyu wako barabara, mwenye miwani mizito, na watu walimwona mzito asiyefundishika. Kocha wake, Ray Meyer, alimrukisha kamba, akampigisha ngumi za hewani, akamtafutia hata mtu wa kumfundisha kucheza dansi ili miguu ifunguke. Akawa senta mkubwa kuliko wote wa enzi zake. Zoezi lenye jina lake tunalifanya mpaka leo: unasimama chini ya kikapu, unafunga kwa mkono wa kulia upande wa kulia, unaudaka kabla haujagusa chini, unafunga kwa wa kushoto upande wa kushoto, mpira haushuki chini ya mabega. Huruki juu, unanyanyuka tu kwa vidole vya miguu, kwa hiyo daktari akiruhusu hata goti hilo litavumilia. Mkono wa kushoto ukilingana na wa kulia, kocha yeyote atauona kwenye dakika ya kwanza ya video.

Jumamosi baada ya alasiri niko uwanjani. Akitoka Bombo na ruhusa, mlete. Uje na wewe, na uje na namba ya yule kocha msaidizi tumpigie pamoja, nina maswali yangu matatu kuhusu nani anashika ile ngao ya sponji.